Mahali Wanapokubaliana

Fomu zilirudi siku ya Jumatano, na ya Ayoo ilirudi na duara la kalamu nyekundu.

Darasa la jioni la Mabatini lilikuwa likikaa kwenye chumba cha darasa la pili, baada ya watoto wa shule ya msingi kutawanyika. Madawati yalikuwa ya watoto, kwa hiyo watu wazima kumi na saba walikaa wamekunja magoti kama panzi. Mwalimu Nestory, aliyefundisha hisabati na fizikia na kusimamia uandikishaji wa mtihani, alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Nje ya darasa alimwamkia Ayoo shikamoo, maana Ayoo alikuwa na arobaini na minne. Ndani ya darasa ni Ayoo aliyesimama kumjibu. Siku hiyo mwalimu alimwashiria abaki amekaa, akainama na kushusha sauti.

"Mama Akinyi, fomu zako hazilingani. Ya Januari, penye hali ya ndoa, umeandika mjane. Hii ya Juni umeandika umeolewa."

Rebeka, mama lishe wa Igogo aliyekaa naye dawati moja, akanyoosha shingo. "Makubwa haya. Umeolewa lini na sisi hatujala pilau?"

"Sijaolewa tena," Ayoo akasema. "Ni yule yule."

Rebeka akafunga mdomo, maana alijua habari zake.

"Ofisi haipokei karatasi zinazopingana," mwalimu akasema. "Nimekuletea fomu mpya. Andika moja kati ya hayo mawili, uniletee kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Ikipita hapo, jina lako halitakuwemo kwenye mtihani."

Ayoo akaikunja fomu mara nne, akaiweka ndani ya daftari.

Mumewe, Okwach, alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi. Mashine ikizima huko visiwani, walimpigia simu yeye, naye alibeba begi lake la spana akaenda. Yeye ndiye aliyemwandikisha Ayoo shule ya jioni, bila hata kumuuliza. Alirudi nyumbani siku moja na kadi ya shule, akasema, "Vitabu vya hizi mashine vimeandikwa Kiingereza kitupu. Soma, halafu uwe unanisomea." Wiki moja baadaye alivuka kwenda visiwani, na wakati wa kurudi mtumbwi ukapinduka. Hiyo ilikuwa miaka miwili na miezi minne iliyopita. Mwili haukuonekana. Ayoo alianza shule peke yake, kwa sababu kadi ilikuwa imeshaandikwa jina lake kwa mkono wa Okwach.

Waliookoka walikuwa wawili. Yeremia, nahodha wa mtumbwi ule, alisema kwamba Okwach alizama na hakuibuka. Kashindye, mpakiaji wa magunia ya dagaa, alisema kwamba alimwona Okwach ameshika dumu la mafuta, akielea kuelekea kwenye taa za wavuvi. Kama wavuvi walimwokota, basi yupo kisiwa fulani, pengine amepoteza kumbukumbu, pengine ni mgonjwa. Siku aliyomkumbuka Yeremia, Ayoo aliandika mjane. Siku aliyomkumbuka Kashindye, aliandika ameolewa. Na katika maombi yake ya alfajiri, akiwa amepiga magoti juu ya kanga kando ya kitanda, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Leo alimwomba Mungu amrudishe mumewe. Kesho alimwomba amlaze mahali pema. Wakati mwingine yote mawili yalitoka katika ombi moja, naye alisema Amina akiona aibu.

Jioni ile ile ya fomu, Mwalimu Nestory aliandika ubaoni milinganyo miwili. Wa kwanza ulisema namba mbili zikijumlishwa zinakuwa tano. Wa pili ulisema namba hizo hizo zikijumlishwa zinakuwa saba.

"Tafuteni jibu," akasema, akawaacha wahangaike. Baada ya robo saa alifuta vumbi la chaki usoni. "Mmetafuta sana? Halipo. Semi hizi mbili zinapingana, haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Ukiona hivi, jua angalau mmoja ni uongo. Hisabati haina huruma."

Ayoo aliandika: angalau mmoja ni uongo.

Kengele ikalia, wakanywa uji, wakarudi, na mwalimu yule yule akaanza fizikia. Aliwaita watu watatu, kila mmoja apime urefu wa meza kwa rula. Wa kwanza alipata sentimita mia moja na kumi na tisa, wa pili mia na ishirini na moja, Rebeka mia na ishirini kamili.

"Nani amekosea?" mwalimu akauliza.

"Hao wawili," Rebeka akasema.

"Hakuna. Kila kipimo kina hitilafu yake, hata kingepimwa na malaika. Tunachukua wastani, tunaendelea na maisha."

Ayoo akasimama. "Mwalimu, kabla ya uji ulisema semi mbili zikipingana, mmoja ni uongo."

"Ile ilikuwa hisabati, mama. Hii ni fizikia."

"Kwa hiyo ukweli unabadilika kengele ikilia?"

Darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka. "Haubadiliki. Kila somo lina namna yake ya kutendea mambo yasiyowiana. Hisabati inayakataa. Fizikia inayasuluhisha."

"Basi niambie," Ayoo akasema. "Mtu mmoja aseme fulani amekufa. Mwingine aseme fulani yu hai. Wastani wake ni nini?"

Kicheko kikakatika. Mwalimu Nestory akaiangalia chaki mkononi mwake kama ameokota kitu asichokijua.

"Hapo rula haifiki, mama," akasema mwishowe. "Kaa."

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, shemeji yake Odoyo aliingia uani kwa Ayoo, huko Igogo, na vumbi la safari kutoka Rorya. Alikuwa mdogo wa Okwach, mtu mfupi mwenye kofia asiyoivua hata mezani. Alikunywa maji vikombe viwili kabla ya kusema lililomleta.

"Shemeji, nimetumwa. Mama anasema anaona jua lake limefika mwisho, na hataki kufa akiacha mtoto nje. Wazee wamekaa. Wamesema Jumamosi ya wiki ijayo. Yago nimeshaliona, limekomaa vizuri, urefu kama mkono wangu."

Ayoo hakuhitaji kuelezwa. Kwao, mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, hawakumwacha hivi hivi. Lilitafutwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kama mchi wa kinu. Lilivishwa nguo ya marehemu, likalazwa katika jeneza, likazikwa na kuliliwa kama mtu kamili. Lakini katika ukoo wa Okwach kulikuwa na jambo la kutangulia. Mke alikwenda ukingoni mwa ziwa asubuhi, akamwita mumewe kwa jina mara tatu. Asipoitika, ndipo tunda liliingizwa nyumbani. Mke asipoita, hapakuwa na maziko.

"Na kama yu hai?" Ayoo akauliza.

"Kama yu hai ataitika."

"Kashindye alimwona."

"Na Yeremia?"

"Yeremia ana maneno yale yale, kama mtu aliyekariri shairi."

Odoyo akageuza kikombe. Rebeka, aliyekuwa akichambua mchele kwenye kibaraza cha jirani, akadakia bila kualikwa. "Shemeji, sema ukweli tu. Unataka kurithi."

"Mimi nina wake wawili, dada yangu," Odoyo akajibu, "na ugomvi wao unanitosha mpaka kiama. Nikileta wa tatu mwenye daftari, si ataniandikia makosa yangu kwa namba?"

Ayoo akacheka kidogo bila kutaka. Odoyo akasimama kuondoka, na mlangoni ndipo alipovua kofia.

"Mama huwa anaita jina lake jioni. Sisi tupo ndani, tunamsikia. Anaita, ananyamaza, anasikiliza. Shemeji, sijaja kukulazimisha. Nipigie simu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo."

Jumapili Ayoo alibaki kanisani watu walipotoka, akamweleza mchungaji habari ya tunda, akitarajia akatazwe. Angekatazwa, asingelazimika kuchagua. "Mungu hahitaji tunda ili amjue mtu wake," mchungaji akasema. "Labda ninyi mnalihitaji." Ayoo akarudi nyumbani na mzigo wake kama alivyokwenda nao.

Lakini alikuwa na siri iliyomtia nguvu, nayo ilikuwa ndani ya daftari la historia. Jumatatu, kipindi kilipokwisha, alimfuata Mwalimu Dorotea. Huyu alikuwa mama mstaafu wa miaka sitini na kitu, aliyefundisha historia kama anayesimulia mambo ya ukoo wake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo macho yako yamevimba."

"Naomba usome hapa, uniambie kama nimefanya sawasawa."

Ayoo alifungua daftari kwa nyuma. Ukurasa wa kushoto aliandika Yeremia, na chini yake mistari minne. Kulia aliandika Kashindye, na maneno ya Kashindye yakaendelea kurasa kumi na moja, kwa tarehe. Mara ya kwanza dumu lilikuwa la njano. Mwezi wa sita lilikuwa la bluu. Mwaka uliofuata halikuwa dumu, lilikuwa ubao wa mtumbwi, kisha likawa dumu tena. Taa zilikuwa za wavuvi wa dagaa, kisha zikawa za kambi. Kila mahali palipotofautiana Ayoo alipiga mstari kwa rula.

"Nani amekufundisha kazi hii?" Mwalimu Dorotea akauliza.

"Wewe, mwalimu. Ulisema mashahidi wanaosema neno kwa neno walikaa wakapanga, na kwamba ushahidi wa kweli una makovu. Yeremia hajabadilisha neno hata moja kwa miaka miwili. Kashindye kila akisema ana jipya. Kwa hiyo mkweli ni Kashindye."

Mwalimu Dorotea akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Nilisema vile kuhusu watu wawili wanaofanana kupita kiasi," akasema taratibu. "Sikusema mtu mmoja aliyeona jambo moja akalisema kama lilivyo ni mwongo. Umelichukua neno langu, mwanangu, ukalivalisha nguo isiyo yake."

Ayoo akaitazama mistari yake ya rula.

"Na kuna lingine. Umefanya kazi kubwa, hata wanafunzi wangu wa zamani hawakufanya hivi. Lakini umepiga mstari mahali wanapogongana tu. Hesabu inaishia hapo. Historia haiishii hapo. Sisi tunauliza pia wanakubaliana wapi."

"Hawakubaliani popote, mwalimu."

"Soma kwa sauti."

Ayoo akasoma. Yeremia: mashine ilizima, wimbi likatupiga ubavuni, tukapinduka. Tulimwita, hakuitika. Kashindye, mara ya kwanza: alishika dumu la njano, tukamwita, hakuitika. Kashindye, mwezi wa sita: dumu la bluu, tulimwita sana, hakuitika. Kashindye, mwaka uliofuata: ubao, tulimwita. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, na sauti ikawa inapungua, mpaka kwenye ukurasa wa tisa midomo ilikuwa inakwenda na hakuna kilichosikika.

Okwach alikuwa mtu wa kuitika. Watu wote wa Igogo walijua. Jina lake halikuwahi kuitwa mara mbili. Aliitika na tonge mdomoni, aliitika akiwa chini ya mashine na bisibisi kati ya meno, aliitika usingizini, "Ee," kisha akaendelea kukoroma, na binti yao Akinyi alipokuwa mdogo alimwita kila baada ya dakika kwa ajili ya kucheka tu. Ayoo alikuwa ameandika kurasa kumi na moja kuhusu rangi ya dumu. Kwa neno hilo moja, hakuitika, hakuwahi kutoa rula.

"Nisamehe," Mwalimu Dorotea akasema, ingawa hakuwa na kosa.

Kesho yake Ayoo alikwenda mwaloni, mahali mitumbwi inaposhushia dagaa. Kashindye alikuwa akigeuza dagaa juu ya turubai kwa reki. Alipomwona, akaanza kutabasamu, kisha akaona hakubeba daftari, na tabasamu likakosa pa kukaa.

"Karibu mama Akinyi."

"Sikuja kuuliza dumu," Ayoo akasema. "Mlimwita mara ngapi?"

"Mpaka sauti ikakauka."

"Ziwa lilikuwa linapiga kelele?"

"Hapana. Baada ya wimbi lile lilitulia kama maji ya beseni."

"Na hilo dumu, lilikuwa mbali kiasi gani na wewe?"

Kashindye akaangalia huku na huku. "Kama hapa na pale kwenye mzani."

Ayoo akatazama mzani. Mtu aliyekuwa akipima gunia pale alikuwa akijisemea namba, na kila namba ilisikika.

"Basi tuseme Okwach yuko pale kwenye mzani," akasema. "Yu hai. Wewe unamwita, Yeremia anamwita. Naye haitiki. Okwach huyu huyu."

Kashindye akaweka reki chini. Alikaa kwenye ukingo wa turubai, dagaa zikavunjika chini yake wala hakuona.

"Siku ile nilikuja kwako kusema kama Yeremia alivyosema," akaanza. "Njiani nilikuwa nayo maneno yote. Nikakukuta unapakua chakula. Uliweka sahani tatu, ya tatu ukaifunika kwa sahani nyingine. Ukaniuliza, alikuwa anaogelea? Hukuniuliza kama amekufa, uliuliza kama anaogelea. Nikaangalia ile sahani. Nikasema alishika dumu."

"Dumu halikuwepo?"

"Lilikuwepo, mama. Lilikuwa linaelea peke yake."

Ayoo akashika nguzo ya kichanja.

"Halafu ukawa unakuja na daftari," Kashindye akaendelea. "Kila ukiuliza, ilinibidi nikupe kitu. Nilisema nikichanganya rangi utagundua mwenyewe, uache. Wewe ukawa unaandika tu, tena unafurahi."

"Lilikuwa la rangi gani?" Ayoo akauliza. Hakujua kwa nini aliuliza.

"Sikumbuki."

Hakumtukana. Alitaka, na tusi lilifika kwenye ulimi. Lakini alikumbuka kwamba usiku wa siku ile ya sahani tatu, baada ya Kashindye kuondoka, yeye na Akinyi waliweza kula. Akamwambia akusanye zile dagaa zilizovunjika asije akagombezwa, akaenda zake.

Alfajiri ya Jumatano alipiga magoti kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule hakujua la kuomba. Miaka yote hiyo alimwendea Mungu na maneno mawili yanayopingana, na sasa limebaki moja, nalo hakulitaka. Alikaa pale mpaka mwanga ukaingia dirishani. Mwisho alisema tu, "Baba, wewe ulijua nilichokuwa nakiomba," akasimama, akampigia simu Odoyo.

Alhamisi, kabla ya kusafiri, alimpelekea Mwalimu Nestory fomu. Mwalimu aliisoma palepale mlangoni, akailinganisha na ile ya Januari.

"Sasa zinalingana," akasema. Kisha akamwangalia usoni, akaona alichosema. "Pole sana, mama."

"Zinalingana kwa maandishi, mwalimu. Ile ya Januari niliandika kabla sijajua."

Kijana akakunja fomu kwa mikono miwili. "Lile swali lako la wastani," akasema, "nimelifikiria wiki nzima. Sijapata."

"Acha. Halikuwa la fizikia."

Jumamosi asubuhi Rorya ilikuwa na ukungu mwepesi, na ziwa lilikuwa limetulia. Odoyo na wanaume wanne walisimama nyuma wakiwa wamelibeba yago juu ya machela ya miti, limevishwa shati la bluu la kazini la Okwach, lenye doa la grisi ambalo Ayoo hakuwahi kulitoa. Akinyi alishika mkono wa mama yake, kisha akauachia, kwa kuwa mwenye kuita husimama peke yake.

Maji yalimfika Ayoo kwenye vifundo vya miguu.

"Okwach."

Alisubiri. Ndege mmoja mweusi aliruka kutoka kwenye matete.

"Okwach."

Mara ya tatu hakuita upesi. Wanaume walianza kubadilisha mabega, na Odoyo akawaonya kwa jicho. Ayoo alikuwa anafikiri kwamba tangu wamefahamiana hajawahi kufika mara ya tatu. Hata ya pili hakuwahi kuifika. Akavuta pumzi, akaita kwa sauti yake ya uani, ile ya kumwambia mtu chakula kinapoa.

"Okwach."

Alisikiliza mpaka baridi ikampanda magotini. Kisha akageuka, akatoka majini, wakamfuata kwenda nyumbani.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni juu ya ngozi ya ng'ombe. Masikio yake yalikuwa yamezeeka na macho yake pia, lakini alijua hatua za kila mkwe wake.

"Ayoo," akasema. "Umemwita?"

"Nimemwita, mama."

"Ameitika?"

Wanaume wote wakatazama chini. Ayoo akapiga magoti mbele ya bibi yule, akashika mikono yake, akalisema jambo ambalo mashahidi wote, pamoja na yeye, walikuwa wamekubaliana nalo.

"Hapana, mama. Hajaitika."

Bibi akatikisa kichwa pole pole, kama anayesikia tena habari ya zamani. Akasogeza ngozi pembeni, mlango ukawa wazi.

"Basi mwingizeni ndani," akasema. "Amekaa nje siku nyingi."